Kuzitandika ramani kongwe za Mji wa Zanzibar kwa Georeferencer ya QGIS: chombo kizuri kisichokuonya

Ng'ambo maana yake upande wa pili wa maji. Anayesimama Darajani leo haoni maji wala daraja. Anaona soko, daladala na barabara pana ambayo watu wengi bado wanaiita Creek Road. Hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambalo maji yakijaa liliugeuza mji kuwa karibu kisiwa, lilifukiwa kwa awamu mpaka katikati ya karne ya 20. Anayetaka kujua ukingo wake ulipita wapi hasa, chini ya maduka yapi na kwenye kipande gani cha Mnazi Mmoja, hana budi kuitandika ramani ya kale juu ya ramani ya leo mpaka zikae sawasawa.

Kazi hiyo ndiyo ya Georeferencer, chombo kilichomo ndani ya QGIS, programu ya kuchora na kupima ramani kwenye kompyuta. Ni cha bure kabisa, hakina leseni ya kulipia, na kikishawekwa kwenye kompyuta kinafanya kazi bila intaneti. Faili la kusakinisha kwenye Windows ni zito, zaidi ya gigabaiti 1, kwa hiyo lipakue penye mtandao wa uhakika. Tangu toleo la 3.26 kimehamishiwa kwenye menyu ya Layer. Maelekezo ya zamani yanayokutuma kwenye menyu ya Raster yatakupotezea muda. Kwa mtafiti, mwanafunzi au mpimaji asiye na fedha za programu za kununua, hakuna chombo tunachokipendekeza kabla ya hiki. Kina tabia moja tu ya kuiogopa: kitakupa ramani inayopendeza machoni hata pale ilipokaa vibaya, na hakitasema neno.

Zanzibar ni mahali pazuri pa kukipima, kwa sababu mji huu umechorwa mara nyingi. Kuna ramani ya Mfaransa Guillain ya 1846, ramani ya mji ya 1892, mpango wa Lanchester wa 1923 na mpango wa Kendall wa 1958. Kwa upande wa leo kuna picha za droni zilizopigwa kuanzia 2016 na mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, ambazo zinapatikana bure OpenAerialMap na zinaonyesha mpaka bati la paa moja moja. Lakini ramani hizi si za aina moja. Guillain alikuwa nahodha. Alichora mji kama unavyomhusu mtu wa bandari. Lanchester na Kendall walikuwa wapangaji miji, na mpango huchanganya kilichopo na kinachotakiwa kujengwa. Soma ufunguo wa ramani kabla ya kugusa kompyuta. Barabara iliyopendekezwa 1923 ikichorwa kana kwamba ilikuwepo 1923, kila hesabu inayofuata ni uongo.

Skani ndiyo inayoweka kikomo cha usahihi. Kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli moja ni milimita 0.085 ya karatasi. Kwenye ramani ya skeli 1:10,000 hiyo ni kama sentimita 85 ardhini. Inatosha, maana mstari wa wino wenye unene wa nusu milimita tayari umefunika mita 5. Kupanda hadi nukta 400 kuna faida kidogo kwenye maandishi madogo, lakini karatasi ya A1 hapo inafika pikseli milioni 124, yaani takriban megabaiti 370 za rangi kabla ya kubanwa, na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 itahema. Picha ya simu iliyopigwa kwenye chumba cha kusomea nyaraka ni suluhisho la mwisho: lenzi hupinda kingo, na simu isipokuwa sambamba na meza upande mmoja wa ramani hukua kuliko mwingine. Ikibidi, simama juu zaidi na uvute picha kwa lenzi, uache nafasi pembeni.

Kabla ya kubofya chochote, upe mradi wako mfumo wa namba za mahali (coordinates) wa EPSG:32737, yaani WGS 84 UTM kanda ya 37 Kusini, ambao unapima kwa mita. Ramani za msingi za mtandaoni huja kwa EPSG:3857, na huo huvuta umbali: kwenye latitudo ya Zanzibar kilomita 1 ya ardhini husomeka kama mita 1,006. Kosa linalouma zaidi ni la gridi, yaani mistari yenye namba za mahali iliyochapwa juu ya ramani. Ramani nyingi rasmi za Afrika Mashariki zimechapwa kwa mfumo wa Arc 1960, na ukiandika namba za gridi hiyo huku umeiambia QGIS kuwa ni WGS 84, kila kitu kitahama karibu mita 300 kuelekea kaskazini na kama mita 100 kuelekea magharibi. Ngome Kongwe itaelea baharini mbele ya Forodhani. Ramani ikiwa na gridi ya Arc 1960, chagua EPSG:21037, uitandike humo, kisha uiache QGIS yenyewe ibadilishe.

Ramani za kabla ya mfumo huo kwa kawaida hazina gridi ya kutumainiwa, kwa hiyo utategemea vishikizo, yaani nukta unazozitambua kwenye ramani ya kale na kwenye picha ya leo. Hapa kuna kanuni moja isiyo na mjadala: usiweke kishikizo ufukweni. Ufukwe ndio unaouchunguza. Ukiibana ramani ya 1892 kwenye ukingo wa maji wa leo, umeyafuta mabadiliko kwa mkono wako, halafu utaandika ripoti kwamba pwani haikubadilika. Vivyo hivyo kwa magati, ngazi za kushukia majini na mwisho wa barabara zinazoishia baharini.

Vishikizo vizuri ni mawe yaliyokaa. Pembe za Ngome Kongwe ni bora kuliko chochote, kwa kuwa ni nne na ziko wazi. Mnara wa msikiti wa Malindi, kanisa la Mkunazini lililoanza kujengwa 1873 na hamamu ya Hamamni vyote vinafaa. Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu, inafaa kwa ramani za karne ya 20 lakini usiitafute kwenye ile ya 1892. Njia panda za vichochoro vya Mji Mkongwe zinasaidia sana, maana vichochoro vimebaki vilevile kuliko watu wanavyodhani. Bofya katikati ya njia, si kwenye pembe ya nyumba, kwa sababu baraza na kuta zimeongezwa na kupunguzwa.

Beit al-Ajaib ni mtego. Jumba lilijengwa 1883, na mnara wa saa uliotumika pia kama taa ya meli ulisimama peke yake mbele yake, upande wa bahari. Mnara huo uliharibiwa vibaya kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 ukabomolewa baadaye, na saa ikahamia kwenye mnara mpya uliounganishwa na jumba. Kwa hiyo mnara wa ramani ya 1892 na mnara wa ramani ya 1923 si nukta moja. Na kwa kuwa sehemu ya jumba iliporomoka Desemba 2020, picha ya karibuni inaweza kukosa pembe uliyokuwa unaitegemea. Tumia picha za 2016.

Weka vishikizo 12 hadi 15, vilivyotawanyika. Tatizo la Zanzibar ni kwamba vyote vizuri viko upande wa Mji Mkongwe, na Ng'ambo ya kale ilikuwa nyumba za udongo na makuti ambazo hazipo tena. Sehemu kubwa ya Michenzani ilivunjwa kupisha majumba ya ghorofa ya miaka ya 1970. Vishikizo vikirundikana magharibi, mashariki ya ramani huning'inia kama nguo iliyobanwa upande mmoja. Jitahidi kupata angalau vitatu ng'ambo ya hori: misikiti ya zamani ambayo kiwanja chake hakikuhama, na njia panda za barabara kuu.

Sasa aina ya ubadilishaji, yaani kanuni ya kuigeuza ramani ya kale ikae juu ya ya leo, ambapo wengi huharibu. Helmert huisogeza ramani, huizungusha na huikuza kwa kiwango kimoja pande zote. Polynomial 1 huongeza uwezo wa kukuza urefu na upana kwa viwango tofauti, na hilo ndilo linalohitajika kwa karatasi, kwani karatasi husinyaa kwa kufuata nyuzi zake. Karatasi ya milimita 600 ikisinyaa asilimia 1 tu imepoteza milimita 6, ambazo ni mita 30 kwenye skeli ya 1:5,000. Polynomial 2 inataka vishikizo 6 na Polynomial 3 inataka 10, na zote mbili hupinda ramani kwa fujo nje ya eneo lenye vishikizo. Projective, yenye kutaka 4, inafaa picha ya simu iliyoinama. Kisha kuna Thin Plate Spline, ambayo video nyingi za mafunzo huisifia kwa sababu kila kishikizo hukaa juu ya mwenzake bila mkengeuko hata kidogo, yaani bila umbali wowote kati ya kilipoangukia na kinapostahili. Hukaa hivyo kwa sababu imelazimishwa. Bofya kichochoro kimakosa, nayo itaivuta ramani nzima ya mtaa ule kama mpira ikufurahishe, na safu ya mikengeuko itaonyesha sifuri.

Ushauri wetu ni Polynomial 1 kwa ramani zote zilizopimwa. Hapo safu ya mikengeuko chini ya dirisha inaanza kukuambia jambo. Ingia kwenye mpangilio wa Georeferencer uamuru ionyeshwe kwa vipimo vya ramani badala ya pikseli, ili usome mita. Ondoa alama ya tiki kwenye kishikizo kimoja kimoja uone wengine wanavyotikisika. Kile ambacho kikiondolewa wengine wote hutulia, ndicho kibovu. Lakini usikifute bila kujiuliza kwa nini. Vishikizo vyote vya mtaa mmoja vikikengeuka kuelekea upande mmoja, huenda mpimaji wa wakati ule aliuchora mtaa huo kwa makisio, na hiyo ni habari ya kihistoria ambayo Thin Plate Spline ingeimeza. Kumbuka pia kwamba vishikizo 3 kwa Polynomial 1 hutoa sifuri siku zote, kwa hesabu tu.

Chombo hakikutengei chenyewe nukta za ukaguzi na kukuhesabia usahihi wake, na huo ndio upungufu tunaoulalamikia zaidi. Itabidi ufanye mwenyewe: vishikizo 4 usivitie kwenye hesabu, kisha ramani ikishatandikwa pima umbali kati ya vilipoangukia na vinapostahili. Wastani wa umbali huo ndio usahihi wa kuandika kwenye ripoti. Upungufu wa pili ni kwamba hakuna kuona matokeo kabla ya kuendesha kazi, na kwa skani kubwa kila jaribio ni la kusubiri.

Kwa ramani za pwani kuna hesabu nyingine ambayo hakuna programu itakayokufanyia: maji. Kujaa na kupwa wakati wa bamvua hapa Unguja hufika kama mita 4. Pwani yenye mteremko wa 1 kwa 20, mita 4 za kina ni mita 80 za mchanga. Ramani za mabaharia kwa kawaida huchora mstari wa pwani pale maji makuu yanapofika, huku kina kikihesabiwa kutoka maji madogo, mara nyingi kwa pima na futi, pima moja ikiwa mita 1.83. Picha ya setilaiti au droni huchukua maji yalivyokutwa dakika ile. Usilinganishe mstari wa wino na ukingo wa maji ya picha. Linganisha na ukuta wa bahari, mstari wa takataka na mwani uliokauka, au mwanzo wa mimea. Ukuta wa Forodhani na bandari ya Malindi ni rahisi. Funguni na pande za Mnazi Mmoja zinataka uvumilivu.

Ukishatandika, chora ukingo wa kila mwaka kama tabaka lake ndani ya GeoPackage, yaani faili moja linalobeba tabaka nyingi za ramani, na kila mstari uwe na mwaka, chanzo na usahihi kwa mita. Ramani moja ikiwa na usahihi wa mita 8 na nyingine mita 3, kosa lao la pamoja ni kipeuo cha pili cha 73 (8 mara 8, jumlisha 3 mara 3), yaani mita 8.5. Ukingo uliohama mita 6 kati ya hizo mbili haujahama kwa ushahidi ulionao. Uliohama mita 60, kama maeneo yaliyofukiwa, unaweza kuusimamia mbele ya yeyote.

Washindani wawili wanastahili kutajwa. Map Warper inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu na inafaa darasani, ila inakutaka upakie ramani yako mtandaoni. Allmaps ni ya kisasa zaidi na hutandika ramani moja kwa moja kutoka kwenye maktaba zinazotoa picha kwa mfumo wa IIIF, bila kunakili. Nyaraka zako zikiwa kwenye diski tu, haitakusaidia. Vyote viwili ni vyepesi kwa kuonyesha, na vyote viwili ni dhaifu kuliko QGIS kwenye kuchora na kupima.

Hifadhi faili la vishikizo lenye kiambishi .points pamoja na skani ya asili. Ni maandishi ya kawaida, linafunguka kwa kihariri chochote, na mwenzako atakayepinga ukingo wako Darajani ataweza kuona ulibofya wapi.