Uzoefu wangu: kuigeuza Prado ya familia ya mwaka 1999 kuwa gari la njia za porini

Prado yetu ni KZJ95 ya mwaka 1999, yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE ya sentimita za ujazo 2,982, na iliingia nyumbani kwetu Arusha mwaka 2012. Kwa miaka kumi iliwapeleka watoto shule, ilibeba saruji na nondo za nyumba ya mama yangu, na kila Desemba ilitupeleka Rombo ikiwa na watu saba ndani na mizigo juu ya keria. Mwaka 2022 tulinunua gari dogo la mjini, na bei niliyotajiwa na kila aliyekuja kuiangalia Prado ilikuwa ndogo kiasi cha kunifanya nifikirie upya. Gari lilikuwa limetembea kilomita 287,000, lakini chesisi yake ilikuwa nzima na injini ilikuwa ikiwaka mara moja kila asubuhi. Niliamua kuliandaa kwa ajili ya njia tunazozipenda sisi: Engaruka, Engaresero pembeni ya Ziwa Natron, na nyika za Gelai. Tangu kazi ikamilike nimeliendesha miaka miwili na nusu na zaidi ya kilomita 20,000, na maoni haya yanatokana na matumizi hayo.

Prado za mfululizo wa 90, zilizoundwa kati ya mwaka 1996 na 2002, ni msingi mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Bodi imekaa juu ya chesisi kamili, magurudumu yote manne yana springi za koili, lipo giaboksi la gia nzito, na gari husukuma kwa magurudumu yote manne wakati wote. Ukisogeza kigingi cha giaboksi hilo kutoka H kwenda HL unafunga difu la katikati, yaani kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukikipeleka LL unapata gia nzito pamoja na difu hilo likiwa limefungwa. Nyuma kuna ekseli ngumu ya kipande kimoja, lakini mbele kila gurudumu linajitegemea, na tofauti hiyo ya mbele na nyuma ndiyo iliyonigharimu fedha mwanzoni kwa sababu sikuielewa.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilinishawishi kwamba kuinua gari ni jambo la asubuhi moja. Waliweka vipande vya chuma juu ya springi za mbele na chini ya springi za nyuma, wakaacha shokapu zilezile za zamani, wakanirudishia gari lililosimama juu na kupendeza machoni. Nililipa shilingi milioni 1.1 na kuondoka nikiwa na furaha. Baada ya wiki chache nilianza kusikia mlio wa kugonga kila tairi la mbele lilipodondoka kwenye shimo, kwa sababu shokapu zilikuwa zinafika mwisho wa urefu wake kabla ya tairi kufika chini. Kabla ya miezi mitatu kwisha, mipira ya shafti za mbele ilipasuka pande zote mbili, grisi ikarukia ringi kwa ndani, na gari likawa linalia kakakaka kila nilipokata kona. Mbele inapoinuliwa, difu hubaki limefungwa kwenye chesisi na kupanda pamoja nayo, huku magurudumu yakibaki chini. Shafti zinalazimika kufanya kazi kwa pembe kali ambayo hazikuundwa kuivumilia siku nzima. Hakuna mtu aliyeniambia hilo, na ninaliandika hapa kwa kirefu ili anayesoma asilipie somo lilelile.

Fundi wa pili ni mzee ambaye amefanya kazi kwa miaka mingi kwenye magari ya watalii, na Arusha watu wa aina hiyo hawakosekani, kwa kuwa magari ya safari hapa hukatwa, hurefushwa na kuimarishwa kila siku. Nilipomwambia nataka springi mpya na tairi kubwa, hakunijibu hadi alipokwisha kulala chini ya gari kwa karibu saa nzima. Aliponyanyuka alisema, "Mheshimiwa, hili gari kwanza tulitibu, halafu ndiyo tulivalishe." Kwa mwezi mzima hatukununua kitu chochote cha porini.

Tulianzia kwenye mfumo wa kupoza. Silinda hedi ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu, na udhaifu wake unajulikana kwa kila fundi wa Toyota: injini ikichemka hata mara moja, hedi inaweza kupata ufa, na hapo gharama huwa kubwa. Rejeta yetu ilikuwa imeziba karibu theluthi moja ya mirija yake kwa sababu ya miaka ya kujaziwa maji ya bomba badala ya kulanti. Tuliweka rejeta mpya, themostati, pampu ya maji, mipira yote ya maji, pamoja na kipimo cha pili cha joto kinachoonyesha nambari, kwa kuwa mshale wa dashibodi hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu na ukija kupanda unakuwa umechelewa kukuonya. Kati ya vitu vyote nilivyoongeza, kipimo hicho ndicho ninachokitazama zaidi.

Kisha tukaenda kwenye boljointi za chini za mbele. Katika gari hili boljointi hizo hubeba uzito kwa kuvutwa na si kwa kukandamizwa, hivyo zikichakaa hadi mwisho hung'oka, na gurudumu hulala chini ya gari likiwa linatembea. Nilibadilisha zote mbili pamoja na boliti zake, na hapo sikukubali vipuri vya bei nafuu. Bushi za mikono ya chini zilikuwa zimekwisha kabisa, na boliti za kurekebishia mwelekeo wa magurudumu zilikuwa zimeganda kwa kutu ndani ya bushi kiasi kwamba ilibidi zikatwe. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Mtu anayeinua Prado bila kuhakikisha boliti hizo zinazunguka hataweza kupata alaimenti sahihi baadaye, na tairi zake mpya zitaliwa upande mmoja kabla ya mwaka kwisha. Breki, mipira ya breki na mkanda wa taimingi vilifuata, na kuhusu hivyo sina zaidi la kusema isipokuwa kwamba vilikuwa na haki ya kubadilishwa.

Baada ya matibabu ndipo tulipofunga springi na shokapu za Old Man Emu zinazotoka Australia, zinazoinua gari kwa takribani milimita 50. Mzee aliniuliza swali ambalo gereji ya kwanza haikuniuliza: gari litabeba uzito gani kila siku, na si siku ya safari tu? Springi huchaguliwa kwa uzito wa kudumu. Mtu mwenye bampa la chuma na winchi mbele anahitaji springi ngumu. Asiye navyo akifunga springi hizo atarukaruka barabarani. Mimi nilikataa winchi na bampa, nikachagua springi za mzigo wa wastani, na tukashusha kidogo difu la mbele ili pembe za shafti zipungue. Mipira ya shafti iliyofungwa siku ile bado iko salama. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka, gari lililokuwa likitikisa meno sasa linakwenda limetulia, na mke wangu, ambaye hapo mwanzo hakuafiki matumizi haya, alilala usingizi katika safari ya kwanza.

Hata hivyo, ningekuwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu baada ya matengenezo, ningenunua tairi. Kuinua springi huinua bodi, na hilo husaidia kupanda na kushuka kwenye kingo za makorongo bila kugusa bampa. Lakini difu la nyuma, ambalo ndilo huwa la kwanza kugonga jiwe, haliinuki hata milimita moja, kwa sababu limekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Tairi peke yake ndiyo inayoliinua. Tulitoka 265/70R16, yenye kipenyo cha milimita 777, tukaenda 265/75R16, yenye milimita 804. Nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13, ndiyo nafasi mpya chini ya difu. Ni ndogo kuitamka, lakini kwenye mawe ya volkano ya chini ya Ol Doinyo Lengai nimeyapita mawe ambayo zamani yangenigusa. Nilichagua tairi za A/T, yaani za barabara za kila aina, zenye mbavu nene, kwa kuwa robo tatu ya maisha ya gari letu bado ni lami, na tairi za M/T, yaani za matope, zenye meno makubwa hupiga kelele na kuteleza kwenye lami iliyolowa.

Upepo wa tairi nao ulinifundisha zaidi ya kifaa chochote. Kwenye lami ninajaza psi 35, kwenye vumbi na kokoto ninashusha hadi 26, na kwenye mchanga wa makorongo makavu ninafika 18 na kutembea polepole bila kukata kona kali. Tairi iliyopungua upepo hurefuka chini, hushika ardhi kwa eneo kubwa zaidi, na huyaviringikia mawe badala ya kuyapinga. Kompresa ndogo inayotumia betri ya gari hunirudishia upepo kwa tairi zote nne katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Asiye na kompresa asishushe upepo, kwani atarudi lamini na tairi laini na kuziua kwa joto.

Mambo mengine yalikuwa madogo. Tulirefusha mirija ya kupumulia ya madifu hadi chini ya boneti, ili difu lenye joto likiingia ghafla kwenye maji lisivute maji ndani linapopoa. Ni mpira wa mita chache na klipu, na gari lolote linalovuka mto linauhitaji. Bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi usawa wa paa nililifunga kwa ajili ya vumbi zaidi kuliko maji, na kweli chujio la hewa sasa linakaa safi kwa muda mrefu zaidi.

Gari lina mipaka yake, na niliiona Novemba, mvua za vuli zilipotukuta kwenye nyika ya Gelai. Ule udongo mweusi ukishalowa hujaza meno ya tairi za A/T hadi yanakuwa laini kama chupa. Nilifunga difu la katikati, nikaweka gia nzito, nikashusha upepo, na bado tulikuwa tunakwenda upande. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga jirani alituambia tuzime gari tungoje jua. Tulingoja hadi saa nane mchana, ardhi ikakauka juu, tukaondoka bila shida.

Kuna tulivyopoteza pia. Matumizi ya mafuta yamepanda: zamani tulikuwa tunapata kilomita 9 kwa lita kwenye safari, sasa nikihesabu kwa kilomita za dashibodi ninapata 7.6. Lakini tairi kubwa hufanya kipimo cha kilomita kihesabu pungufu kwa asilimia 3.4, kwa hiyo hesabu halisi ni karibu 7.9. Kosa hilohilo lipo kwenye kipimo cha mwendo, na kwenye maeneo ya kilomita 50 kwa saa mimi huendesha kwenye 47 kwa mshale, maana ukiiamini 50 ya dashibodi unakuwa umeshavuka 51 na tochi ya trafiki haitakuuliza ukubwa wa tairi. Tairi la akiba, ambalo huning'inia kwenye mlango wa nyuma, sasa ni zito zaidi na bawaba zilianza kulegea, tuliziimarisha. Kwenye kona za mlima gari linalala zaidi kuliko zamani, na nimewazuia watoto wangu wakubwa kuliendesha kwa kasi waliyoizoea.

Kilichonisumbua moyoni kuliko vyote ni mama yangu. Ana miaka 74, na milimita 63 zilizoongezeka (50 za springi na 13 za tairi) zilimfanya ashindwe kupanda gari ambalo lilikuwa lake kama lilivyo letu. Ngazi za awali za plastiki zilikuwa zimetolewa. Mzee fundi alitengeneza bomba za chuma zilizofungwa kwenye chesisi chini ya milango, zenye upana wa kutosha kukanyagia, na hizo hizo hulinda kingo za bodi zisibondwe na mawe. Tulifunga pia mkono wa kushikilia kwenye nguzo ya mlango wa nyuma. Sasa anapanda bila kusaidiwa, isipokuwa siku akiwa amevaa kitenge cha kubana.

Kwa jumla nilitumia shilingi milioni 13.5, bila kuhesabu ile 1.1 ya mwanzo: milioni 4.8 kwenye matengenezo ambayo hakuna anayeyaona, milioni 3.6 kwenye tairi tano, milioni 3.2 kwenye springi, shokapu na kazi yake, na milioni 1.9 kwenye bomba za pembeni, bomba la hewa, kompresa, mkanda wa kuvutia, pete zake na sepetu. Kwa mwenye Prado, Pajero au Surf ya umri huo iliyotunzwa, ningependekeza kazi hii bila kusita, mradi chesisi iwe haijaliwa na kutu. Kila tukirudi kutoka Natron ninaosha chini ya gari siku ileile, kwa maana vumbi la magadi na chumvi likikutana na unyevu huharakisha kutu. Kazi iliyobaki ni dirisha la nyuma la kushoto, ambalo tangu mwaka 2019 linashuka lakini halipandi bila kusukumwa kwa mkono. Vumbi la Engaruka limeshatuonyesha kwamba haliwezi kungoja safari nyingine.