Sensa ya hewa ukaa: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Ukiingia duka la vifaa vya elektroniki ukaomba sensa ya hewa ukaa (sensa hii, si ile ya kuhesabu watu), kuna uwezekano mkubwa ukapewa MQ-135. Bei yake inavutia, na hapo ndipo mtego ulipo. MQ-135 haiijui hewa ukaa. Inanusa mvuke wa pombe, amonia, moshi na vitu vya jamaa hiyo, halafu programu inakisia namba. Yangu ya kwanza ilipanda hadi maelfu jioni moja sebuleni, nikafungua madirisha yote, kumbe mdogo wangu alikuwa anapaka rangi ya kucha. CCS811 na SGP30 ni za ukoo huohuo, ila zimevaa suti. Ziache.

Unayoitaka ni ya mwanga wa infraredi. Taa ndogo inamulika ndani ya kichumba, hewa ukaa inafyonza mwanga wa mikromita 4.26, na sensa inasoma kiasi kilichofyonzwa. Ukiwa na wasiwasi na ulichouziwa, isogezee pamba yenye spiriti: MQ itaruka, ya infraredi itatulia. Kisha ipulizie. Pumzi ya mtu ina kama ppm 40,000 (yaani sehemu 40,000 za hewa ukaa kwenye kila sehemu milioni za hewa), kwa hiyo ya kweli itagonga dari ya kipimo chake.

Sasa jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayaligusi, kwa sababu wengi wanaoyaandika hawakai mlimani. Sensa hizi zinahesabu molekuli zilizomo kwenye kichumba. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Moshi ni kama asilimia 10. Sensa isiyojua hilo itakuambia 850 wakati ukweli ni 1,000. Ndiyo maana orodha yangu inaanza hivi:

1. SCD41. Kwa watu wa huku hii ndiyo namba moja, maana unaiambia uko mita ngapi nayo inafanya hesabu yenyewe. Ni ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, inatumia volti 2.4 hadi 5.5, inaunganishwa kwa I2C (njia ya nyaya mbili za data), na inapima joto na unyevu pia. Ndani yake infraredi inapigwa kwa vipindi na maikrofoni inasikiliza hewa ikitanuka; usanii mtupu. Nunua iliyokwisha kuwekwa kwenye bodi yenye pini, kuilehemu yenyewe kwa mkono ni kujitafutia kesi. SCD40 ni ndugu yake wa bei nafuu, inatosha chumbani na darasani.

2. SenseAir S8. Ya Uswidi, ngumu, imetengenezwa ikae miaka. Inataka volti 5 na inazungumza Modbus, lugha ya mawasiliano ya mashine za viwandani, kwa hiyo siku ya kwanza utakuna kichwa kidogo. Toleo la kawaida linaishia ppm 2,000. Kimo utakirekebisha kwenye programu yako.

3. MH-Z19B au C. Hii ndiyo utakayoipata kirahisi, na watu wengi itawafaa. Ipe volti 5 kutoka pini ya VIN ya ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta inayosoma sensa), si 3.3, na usiiamini dakika tatu za mwanzo kila umeme unaporudi. Kuna za kuiga, basi angalia muuzaji.

Iko ya tatu kwa sababu ya kosa langu. Niliifunga kwenye banda la uyoga wa mamama la dada yangu, Tengeru. Skrini ilisema 600 kila nikipita, lakini uyoga ulitoka na mashina marefu na vikofia kama vifungo vya shati, dalili ya kukosa hewa. Dada akaniuliza, "Hiki kidude chako kinapima nini hasa?" Nilikuwa sijazima usawazishaji wa kujiendesha. Kila baada ya saa 24 sensa huchukua namba ya chini kabisa iliyoiona na kuiita 400, ikidhani ni hewa ya nje. Kwenye banda lililofungwa hewa ya nje haifiki kamwe, hivyo iliendelea kujidanganya siku hadi siku. Sebuleni unapofungua madirisha uache usawazishaji huo, bandani uzime. Kisha itoe sensa nje, iwashe dakika 20, na uiunganishe pini ya HD na GND (pini hasi) kwa zaidi ya sekunde 7. Ukiisha kuisawazisha hapahapa kwetu, usirekebishe tena kimo kwenye programu.

SCD30 ni nzuri na kimo inakijua, ila ni kubwa na ghali kuliko SCD41. Ukipewa bure, pokea.

Juni na Julai, baridi ikikaza, huwa naombwa kufunga sensa hizi vyumbani mwa watu wanaolala na jiko la mkaa. Nakataa. Kinachoua pale ni kaboni monoksidi, na hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayoiona. Skrini haitakuambia lolote kuhusu gesi hiyo huku watu wakilegea kitandani. Jiko litolewe nje.