Makey Makey: hii piano ya ndizi inunuliwe au iachwe?

Haya jamani, sikilizeni. Nagusa ndizi ya kwanza... mmesikia? Ya pili. Ya tatu. Hiyo ndiyo piano ya ndizi mnayoiulizia kila siku, na hiki kibao chekundu kinachoenea kiganjani ndicho Makey Makey.

Kwanza nitoboe siri: ndizi haiimbi, na kibao nacho hakiimbi. Sauti yote inatoka kwenye laptop. Kazi ya kibao ni kuidanganya kompyuta kwamba chenyewe ni kibodi. Unachomeka waya wa USB, basi, huna cha kusakinisha. Ndizi hii nimeiunga kwa waya kwenye mshale wa kushoto wa kibao, ile kwenye mshale wa kulia. Mkono wangu mmoja umeshika waya wa ardhi, yaani njia ya umeme kurudi kibaoni, huu unaotoka huku chini. Nikigusa ndizi kwa mkono mwingine, umeme unapata njia kupitia mwilini mwangu, na kompyuta inaamini nimebonyeza kitufe. Sasa nauachia waya wa ardhi, nagusa tena... kimya.

Najua kuna mama hapo anauliza, mtoto hatapigwa shoti? Hapigwi. Ni volti 5 za USB, na umeme unaopita ni kidogo mno, kwa sababu ndani mna vikinzani, yaani vizuizi vya umeme, vya ohimu milioni 22. Ukinzani mkubwa namna hiyo ndio unaofanya hata ngozi au ndizi, ambazo hazipitishi umeme vizuri, zitambulike. Ila waya hizi na soketi ya ukutani zisikutane kabisa, hilo halina mjadala.

Walioibuni ni Jay Silver na Eric Rosenbaum, kutoka MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT kule Marekani. Mwaka 2012 waliomba michango ya dola 25,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, wakapata zaidi ya dola 560,000. Watu waliipenda, bwana.

Lakini ndizi tuziweke kando, tutazila baadaye. Kilichonikosha mimi ni penseli. Sogezeni macho hapa. Karatasi ya kawaida, penseli laini, 6B ukiipata, maana HB ya shuleni inasumbua. Nakoleza, narudia, nakoleza tena mpaka mstari ung'ae. Grafaiti ya penseli inapitisha umeme. Mstari nauvuta hadi ukingoni mwa karatasi, hapo kibanio kinang'ata. Nimechora ngoma, naigusa... inalia! Ukiacha kapengo kembamba tu katikati ya mstari, mchoro unanyamaza, inabidi urudi na penseli ukazibe. Mtoto hapo anasaka kosa kwa jicho, kwa kidole na kwa sikio, na wala hajui kama yuko darasani.

Mkiwa wengi ndiyo raha zaidi. Mmoja anashika waya wa ardhi, mwingine waya wa kitufe, mkipeana tano inalia. Mnaweza kushikana mikono watu kadhaa katikati na bado ikalia. Mikono ikiwa mikavu sana inagoma, lowesheni vidole kidogo.

Sasa lawama. Kibao hiki kinajua mambo mawili tu: umegusa au hujagusa. Papasa ndizi, au ifinye mpaka itoke uji, sauti ni ileile. Kwa mpiga ngoma hilo ni pigo, maana ngoma isiyosikia uzito wa mkono ni king'ora tu. Halafu vitufe vya mbele ni sita. Ukitaka zaidi kuna matundu huku nyuma, ya herufi na ya kusogezea kipanya.

Bei? Seti ya kawaida ni kama dola 50 huko inakouzwa, usafiri na ushuru bado. Kwa mtoto mmoja ambaye hata kompyuta nyumbani hana, mimi sishauri. Kwa klabu ya shule yenye laptop moja na watoto ishirini, nunueni bila kusita. Itumieni na Scratch, ile ya watoto kutunga programu kwa kuunganisha vitalu kwenye kompyuta, ni bure, ina lugha ya Kiswahili, na ina vitalu maalumu vya kibao hiki.

Na mkishainunua, ongezeni waya za vibanio kutoka duka lolote la vifaa vya elektroniki. Kwenye boksi zinakuja saba, na mmoja lazima uende kwenye ardhi, kwa hiyo za kuchezea zinabaki sita tu.