Tairi nne saizi moja: zipi za kununua kwa gari la spoti Tabora

Barabara ya Nzega ni lami safi, lakini ukikata kuingia mitaa ya Ipuli unapokewa na mchanga, mawe na matuta yasiyo na rangi. Wenye Altezza, BMW na Subaru wanalijua hilo. Nimezipanga tairi kwa kufikiria gari la kutembea, si la kupigia picha.

Namba moja ni nne saizi moja, inchi 16 au 17. Altezza RS200 ilitoka kiwandani na 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta wa ubavuni asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17) mbele na nyuma, kwa hiyo hupunguzi kitu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hula tairi za nyuma haraka. Zikiwa saizi moja unazihamishia mbele kila baada ya kilomita 8,000 hivi, seti nzima inaisha pamoja. Zenye mshale wa mwelekeo ubavuni zibaki upande wake.

Mimi ningeshuka hadi 205/55R16. Ukuta wa 215/45 una milimita 97, wa 205/55 una 113. Hizo 16 za ziada ndizo zinazookoa rimu ukidumbukia shimoni, na kipenyo cha gurudumu zima kinapishana kwa asilimia 1 tu, hivyo mshale wa spidi haukudanganyi. Kabla hujalipa, fundi afunge rimu moja mbele na kuizungusha kwa mkono: isiguse breki. Na usibebe rimu za jirani kwa kuzipenda tu, nati za Altezza ni 5x114.3 (nati tano kwenye duara la milimita 114.3), za BMW E90, toleo la Series 3, ni 5x120.

Wenye Subaru hawana hata cha kuchagua. Gari linavuta magurudumu yote, hivyo tairi moja mpya ikichanganywa na tatu zilizolika haziendi mizunguko sawa, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ndiyo inayoumia.

Namba mbili, nne saizi moja inchi 18. Ukuta wa 225/40 ni milimita 90. Inamfaa asiyetoka kwenye lami.

Namba tatu, nyembamba mbele na pana nyuma kama kiwanda kilivyopanga. E90 ya inchi 18 huja na 225/40 mbele, 255/35 nyuma. Inashika vizuri ukikanyaga mafuta, na ikizidiwa kwenye kona huanza kuteleza mbele, jambo ambalo dereva wa kawaida hulimudu kwa kuachia mafuta. Tatizo ni huku kwetu: huwezi kuzihamisha, na E90 nyingi zilitoka bila spea, zikitegemea runflati, tairi zinazoweza kutembea kidogo hata zikiisha upepo. Ukipasukiwa na 255/35 kati ya Urambo na Kaliua, usitegemee duka la njiani. Gari hilohilo linakubali 225/45R17 kote, nayo ni saizi ya kiwanda. Mkia utakuwa mwepesi kuteleza kidogo, kwa hiyo mvua za kwanza liendeshe taratibu.

Za mwisho kabisa ni rimu pana za kubuni nyuma, tairi nyembamba imevutwa juu yake, na spesa (kipande cha kuisogeza rimu nje) imeongezwa. Ukipakia watu wawili nyuma, fenda inakwanguliwa. Achana nazo.

Dukani, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni mwa tairi: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Za mtumba zikague kwa ndani pia, kiraka cha ubavuni huonekana huko tu. Halafu lipia tano, ya tano iingie kwenye buti.