Nimelipia siti ya mbele ninyooshe miguu, nikakutana na mkanda mnene kama soseji

Wale mnaopenda kulipia siti za mbele kabisa za ekonomi, zile zinazotazamana na ukuta, hii inawahusu. Safari ilikuwa ya usiku, masaa nane hewani, nikatoa dola 45 za ziada maana mi mrefu na magoti yangu yameshateseka vya kutosha.

Miguu ilinyooka kweli, hapo sina neno. Shida mkanda. Naushika nikadhani kuna mtu kasahau kitu ndani, mgumu, mzito, umeshonewa mfuko wa kitambaa urefu wote wa upande mmoja na unakaa juu ya kitambi kabisa. Nikaufunga hivyohivyo, mhudumu kupita akaufungua akaunyoosha mwenyewe, kumbe ulikuwa umejipinda na hautakiwi kujipinda hata kidogo.

Ndani kuna eabegi bwana, ule mfuko unaojaa gesi ghafla ajali ikitokea. Siti za nyuma mbele yako kuna mgongo wa kiti cha mwenzio, una sponji na unabonyea, ila sie wa mbele kichwa kinaenda ukutani moja kwa moja, na viti vya sasa lazima vipite jaribio la 16g, yaani kama uvutwe mbele kwa nguvu mara 16 ya uzito wako. Kwa hiyo wanaweka kifaa cha kuhisi mgongano na kichupa cha gesi chini ya siti, ndege ikigonga mfuko unafumuka kuelekea mbele na juu, sio kukujia usoni kama wa gari, halafu unanywea haraka ili utoke. Mitikisiko ya angani haiufumui, tulitikiswa kama daladala ya barabara ya vumbi na ukatulia tuli. Ndege za abiria zimeanza kuwa nayo 2001, mi ndo nimeuona juzi.

Jirani yangu, mtu wa mwili, kaomba kipande cha kuongezea mkanda, wakamwambia cha kawaida hakifai kwa mkanda huu, wakamhamishia nyuma kule. Na kalipia kama mimi! Eti pesa akadai kwenye wavuti, sijui kama aliiona.

Vingine vidogovidogo: meza inatoka kwenye mkono wa kiti kwa hiyo mkono haupandi na siti inabana nyonga, begi lote linaenda juu wakati wa kuruka na kutua, hata chaja ukisahau imekula kwako.

Kwa usalama naupa alama zote, kwa usingizi mbili kati ya kumi, ukigeuka ubavu ile soseji inakuchoma mbavuni, nimekesha natazama ramani ya ndege mpaka asubuhi.

Kurudi sikulipia kitu, wakanipa siti ya 31, magoti yamegusa kiti cha mbele mwanzo mwisho, mkanda mwembamba wa kawaida. Nimelala mpaka chakula kikanipita.