Matairi ya theluji kwenye joto la Mtwara, na niliyofunga badala yake

Kama gari lako limetoka Japani na bado linatembelea matairi liliyokuja nayo, inama usome ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, yaani lisilo na misumari, hilo ni tairi la theluji, na nakuomba ulitoe hata kama kashata zake, vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado zimejaa.

RAV4 yangu, ile ya zamani, ilikuja hivyo. Aliyeniuzia aliyasifia matairi kuliko injini, na kwa macho yalipendeza kweli: kashata nene, kila moja imechanjwa vichale vyembamba vingi. Ukibonyeza kwa ukucha, mpira unabonyea. Kwao ndivyo inavyotakiwa. Vichale hivyo ndivyo vinavyong'ata theluji, na mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, pale ambapo tairi la kawaida linaanza kukakamaa. Hata matairi hayo kuwa mengi Japani kuna sababu: sheria yao ya mwaka 1990 ilibana matairi yenye misumari kwa kuwa yalikuwa yanachimba lami na kujaza vumbi hewani.

Sasa lilete tairi hilo Mtwara, ambako hata Julai hatuijui baridi hiyo. Lami ya saa nane mchana inalilegeza kupita kiasi. Kwenye kona za Mikindani nilikuwa nahisi gari linacheza nyuma, usukani unakata lakini mwili unachelewa kufuata. Mvua ikinyesha, breki inashika kwa kusitasita. Kashata za mbele zikaanza kulika kingo upesi mno. Fundi wa pancha aliponionyesha vijiti vya mpira vilivyoinuka ndani ya mifereji, nikaelewa: matairi ya theluji ya Kijapani yana alama hiyo ya nusu ya uhai, kashata zikilika hadi hapo, hata kwenye theluji tairi halifai tena.

Mimi nauza pembejeo. Msimu wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ukiingia, nyuma ya gari kunalala mifuko ya kilo 25, natoka mjini kwa lami kuelekea Tandahimba na Newala, kisha nachepuka kwenye njia za mchanga kwenda kwa wenye mikorosho. Nilihitaji tairi linaloweza lami ya moto, mchanga, na tope la Januari, bila kubadilisha kila msimu. Nikachagua Yokohama Geolandar A/T G015, saizi 215/70R16, nikaagiza Dar yakaja kwa basi.

Nayapenda, naomba niseme wazi. Nikiwa na mzigo, gari limetulia. Kwenye mchanga mzito napunguza upepo kidogo na yanapita. Nikirudi kwenye lami najaza kulingana na kibandiko cha mlangoni. Kilichonifurahisha zaidi ni breki kwenye lami iliyolowa: nakanyaga, gari linashuka mwendo likiwa limenyooka. Ubavuni yameandikwa 100H, maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 800 na linahimili kasi ya hadi kilomita 210 kwa saa. Yale ya theluji yalikuwa na herufi Q, yaani mwisho 160. Siendi kasi yoyote kati ya hizo, ila mzigo nauangalia sana.

Hapa wengi wanachanganya: G015 nayo ina alama ya mlima wenye chembe ya theluji, na ina M+S, yaani tope na theluji. Msikimbie kwa kuiona. Alama hiyo inasema tairi limefaulu jaribio la theluji, na yapo ya misimu yote yanayofaulu huku mpira wake ukivumilia joto. Neno la kukukimbiza ni STUDLESS. Pia soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: 3817 ni wiki ya 38 ya mwaka 2017. Matairi ya mtumba yanayouzwa kwa bei ya kuvutia mara nyingi ni ya theluji yenye umri mkubwa, yamefutwa na kung'arishwa kwa dawa. Mimi nililipa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo na sijuti hata shilingi.

Tairi lolote la A/T, yaani la njia zote kama haya yangu, lina mngurumo zaidi kidogo kwenye lami kuliko la barabarani tupu, na linakula mafuta kidogo zaidi. Kwa hiyo kama gari lako linazunguka Shangani, Ligula na sokoni, na safari zako ndefu ni Lindi kwa lami, usinunue haya. Chukua tairi la kawaida la barabarani lenye mifereji mipana ya kutoa maji, jipya, na hela inayobaki fanya alainimenti na balansi. Spea nayo ikague siku hiyohiyo, kwa sababu gari lililokuja na matairi ya theluji mara nyingi lina spea ya miaka mingi ambayo haijawahi kushuka.