Vyakula vya kilimo hai: kipi ulipie zaidi, kipi uache

Kama huwezi kununua kila kitu cha kilimo hai (kinachoepuka mbolea na dawa za wadudu za viwandani), usigawanye fedha sawasawa. Anza na vile ambavyo hubaki na viuatilifu (dawa za wadudu na ukungu) vingi na kwa kawaida huliwa bila kumenywa. Usinunue kwa ajili ya vitamini: tofauti ni ndogo, na spinachi iliyochumwa leo huishinda ya kilimo hai iliyokaa siku kadhaa dukani.

1. Matunda laini na mboga za majani

Stroberi, spinachi, zabibu, pichi, tufaha. Hapa ndipo nyongeza ya bei ina maana zaidi, hasa kwa mtoto mdogo anayekula tunda lilelile kila siku.

Ukikosa, loweka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts wa mwaka 2017 ulitumia gramu 10 za bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, kwa lita moja ya maji (kama vijiko viwili vya chai). Thiabendazoli, dawa ya ukungu, iliyokuwa juu ya ganda la tufaha ilitoka baada ya dakika 12; fosmeti, dawa ya wadudu, baada ya dakika 15. Ila thiabendazoli iliyokwisha kupenya ndani ya ganda haikutoka, ndiyo maana kuosha hakumalizi kazi. Kumenya huondoa zaidi, lakini unatupa na nyuzinyuzi.

Vya kilimo hai navyo vioshe. Samadi huruhusiwa, na baadhi ya dawa pia: pareto, spinosadi, shaba.

2. Maziwa, mayai na nyama

Unacholipia hapa ni malezi ya mnyama: chakula chake, nafasi yake, na dawa alizopewa. Marekani, ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki maziwa yake hayauzwi tena kama ya kilimo hai. Umoja wa Ulaya unaruhusu matibabu machache, kisha kusubiri muda mrefu zaidi. Maziwa ya kilimo hai huwa na omega-3 (aina ya mafuta yenye faida mwilini) zaidi kwa sababu ng'ombe hula majani mengi. Ukinunua yaliyoondolewa mafuta, omega-3 imeondoka nayo.

3. Nafaka zisizokobolewa

Zinafaa ikiwa ndizo chakula chako cha kila siku, kwani pumba hubaki na dawa na nafaka za kilimo hai huwa na kadimiamu (metali yenye sumu) kidogo. Kwa mchele, usitarajie nembo ya kilimo hai ikukinge na arseniki; sumu hiyo hutoka kwenye udongo na maji. Pika kwa maji mengi, kisha yamwage.

4. Vyenye ganda nene

Parachichi, nanasi, kitunguu, papai, mahindi mabichi: nunua vya kawaida bila wasiwasi.

5. Biskuti na vitafunwa

Viache. Sukari ya kilimo hai ni sukari.

Kabla ya kulipa, soma nembo

Neno "asilia" peke yake si cheti. Nembo ya USDA (Wizara ya Kilimo ya Marekani) hudai asilimia 95 ya viambato viwe vya kilimo hai. "Kimetengenezwa kwa viambato vya kilimo hai" ni 70 tu na hairuhusiwi kubeba nembo hiyo. Ya Ulaya ni jani la nyota kwenye kijani, na karibu yake pana namba ya shirika lililokagua. Jani bila namba, lirudishe rafuni. Samaki waliovuliwa baharini hawana cheti hicho kokote kati ya pande hizo mbili.